Msitu wa Uingereza Wakati wa Kupukutika Majani

Katika miezi ya Oktoba na Novemba, wakati wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanapotazama mawingu na kungojea mvua za vuli, nchi ya Uingereza huingia katika majira ya namna nyingine kabisa. Jua hupungua nguvu, umande wa asubuhi huganda juu ya nyasi, na miti mingi hugeuza rangi na kuangusha majani yake. Haya ndiyo majira ya kupukutika majani, yaliyo kati ya majira ya joto na majira ya baridi.

Wenyeji wa nchi ile wana desturi ya kutoka mijini siku za mapumziko na kwenda kutembea mashambani na misituni. Hawaendi kuwinda wala kuokota kuni. Huenda kutazama tu. Mtu hutazama ndege, miti na uyoga, kisha hurudi nyumbani kwake akiwa amejua jambo ambalo jana hakulijua. Siku hizi wamo pia watu waliotoka Afrika Mashariki, wanafunzi, wauguzi na wafanya kazi wengine, ambao huenda matembezi hayo pamoja na watoto wao. Makala haya yaeleza mambo yaonekanayo, sababu zake, na hatari moja ambayo kila mtu yampasa kuijua kabla hajainama kuchuma kitu chochote.

MSITU MPYA ULIO WA KALE

Mfano mwema wa mahali pa kutembea ni msitu uitwao New Forest, ulio katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Maana ya jina hilo ni Msitu Mpya, lakini upya wake ni wa zamani sana. Mfalme William wa Kwanza aliutenga kuwa mahali pake pa kuwinda paa na kulungu yapata mwaka 1079, na tangu mwaka 2005 umekuwa hifadhi ya taifa.

Asidhani msomaji kwamba pote ni miti. Yako mabonde ya malisho, ziko mbuga zenye vichaka vifupi, na iko miti mikubwa ya mialoni iliyosimama kwa mamia ya miaka. Humo hutembea farasi wadogo na ng'ombe kwa maelfu. Wanyama hao si wa mwitu. Kila mmoja ana mwenyewe, na wenyewe ni wakulima wa kandokando ya msitu wenye haki ya malisho waliyoirithi kutoka zamani. Mtu aliyezaliwa katika jamii ya wafugaji ataelewa mara moja jinsi haki hiyo inavyothaminiwa na jinsi inavyolindwa.

KWA NINI MAJANI HUGEUKA RANGI

Katika Kenya mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, kwa sababu nchi imepitiwa na mstari wa Ikweta. Uingereza iko mbali kaskazini, na mambo huko ni tofauti. Katika London, mwezi wa Juni mchana huchukua zaidi ya saa kumi na sita. Mwezi wa Desemba huwa karibu saa nane tu. Kati ya miezi hiyo miwili mchana hupungua kidogo kidogo kila siku, na mti huutambua upungufu huo kama vile mkulima atambuavyo dalili za mvua.

Kazi ya jani ni kupika chakula cha mti kwa nguvu ya jua. Kitu kinachofanya kazi hiyo ndicho kinacholipa jani rangi yake ya kijani, nacho huitwa klorofili. Mwanga ukipungua na baridi ikikaribia, kazi ya jani huwa haina faida tena. Tena jani hupoteza maji mengi kwa njia ya vitundu vyake vidogo, na ardhi ikiganda kwa baridi mizizi haiwezi kuleta maji mengine. Basi mti hufanya kama mwenye duka afungaye biashara yake. Huvunja ile klorofili, huondoa vitu vyenye thamani vilivyomo ndani ya jani, na kuviweka akiba katika matawi na shina hata mwaka mwingine.

Kijani kikiisha kuondoka, rangi ya manjano iliyokuwamo tangu mwanzo ikifichwa na kijani hicho huonekana wazi. Lakini rangi nyekundu ya majani mengine si ya zamani. Hiyo hutengenezwa upya siku za mwisho. Mwishowe mahali jani lilipoungana na tawi huota ngozi ngumu inayoziba kidonda kabla hakijatokea. Upepo mdogo ukija, jani huanguka, na mti haudhuriki.

Jambo hili si geni kabisa katika Afrika. Mbuyu nao hupukutisha majani yake ukabaki mtupu kama mti uliokufa. Tofauti ni kwamba mbuyu hukimbia ukame, na mwaloni wa Uingereza hukimbia baridi. Haja ya yote miwili ni moja, yaani kuhifadhi maji.

Haipukutiki miti yote. Msonobari na mti wa holi, wenye majani magumu ya miiba na matunda mekundu, hubaki na kijani chao. Na uko mmea mmoja utambaao juu ya miti na kuta za nyumba kuukuu, uitwao aivi, ambao huchanua maua wakati huu mimea mingine inapokauka. Mtu akisimama karibu nao siku ya jua atasikia mvumo wa nyuki wengi wanaokusanya chakula cha mwisho kabla ya baridi.

Kandokando ya njia yako pia mawaridi ya mwituni yenye matunda mekundu kama shanga. Matunda hayo yaliwahi kuwa msaada mkubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli za kuleta machungwa zilikuwa chache, na ilihofiwa kwamba watoto watakosa vitamini C. Kuanzia mwaka 1941 wanawake na watoto wa shule waliokota matunda ya mawaridi kwa mamia ya tani, yakapikwa na kuchujwa kuwa sharubati ya kugawiwa watoto wachanga. Kuchujwa kulikuwa ni lazima, kwa kuwa ndani ya tunda hilo mna vinyweleo viwashavyo koo.

NDEGE WANAOONDOKA NA NDEGE WANAOKUJA

Atembeaye msituni mwezi wa Septemba huweza kuwaona mbayuwayu wakikusanyika juu ya waya za simu. Mwanzo wa Oktoba karibu wote wamekwisha kwenda. Zamani watu wa Ulaya hawakujua waendako, na wengi waliamini kwamba mbayuwayu hulala katika matope chini ya maji mpaka joto lirudi. Hata Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne katika jimbo lilo hilo la Hampshire, mtu aliyewachunguza ndege kwa uangalifu mkubwa na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1789, hakuweza kuiacha kabisa fikira ya kwamba baadhi yao hulala mahali palipofichika.

Ukweli ulipatikana kwa pete ndogo. Mwezi wa Mei mwaka 1911, katika jimbo la Staffordshire, mbayuwayu mmoja alifungwa pete yenye nambari mguuni akaachwa aende zake. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege yule yule alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Ndege huyo ana uzito wa gramu ishirini tu au karibu yake, lakini hupita Ufaransa, Hispania, Morocco na jangwa la Sahara, safari ya yapata kilometa 10,000. Wako mbayuwayu wa Ulaya wanaofika Kenya pia, ambao wasomaji wengi wamewaona wakiruka juu ya malisho nyuma ya ng'ombe. Lakini aghalabu hao hutoka katika nchi zilizo mashariki zaidi ya Uingereza.

Kinachomwondosha mbayuwayu si baridi yenyewe, ni njaa. Yeye hula wadudu warukao, na wadudu hao hutoweka katika majira ya baridi.

Lakini wakati mbayuwayu anapokwenda zake, mwingine anabisha hodi. Mwezi wa Oktoba, usiku wa kimya, mtu asimamaye nje ya nyumba yake huweza kusikia mlio mwembamba ukipita gizani juu ya kichwa chake. Hao ni ndege wa rangi ya kahawia, wenye madoadoa kifuani na wekundu chini ya bawa, wanaotoka Iceland na nchi za Skandinavia. Huvuka bahari usiku, na kulipokucha huonekana makundi makundi wakila matunda ya holi na ya vichaka vya miiba. Kwao Uingereza ni nchi ya joto. Hivyo nchi ile ile anayoikimbia mmoja ndiyo kimbilio la mwingine.

Wako pia wasiosafiri. Robini, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva, huimba hata katika baridi wakati ndege wengi wamenyamaza. Wimbo wake si wa furaha tu kama watu wanavyodhani. Ni onyo kwa robini wengine wasiingie katika shamba lake. Katika majira haya hata jike huimba, kwa maana kila mmoja, dume na jike, hulinda mpaka wake mwenyewe.

MATUNDA YA MWALONI, NDEGE NA NGURUWE

Mwaloni huzaa matunda magumu kama kokwa, kila moja limekaa katika kikombe chake. Mwenye kuyapenda sana ni ndege wa jamaa ya kunguru aitwaye jei, mwenye manyoya ya samawati katika bawa. Yeye hachoki kuchukua matunda hayo na kuyafukia ardhini, moja hapa na moja pale, maelfu katika majira mamoja, ili ayafukue wakati wa njaa. Ana kumbukumbu nzuri, lakini hayafukui yote. Yale yaliyobaki huota. Miti mingi ya mialoni iliyoota mbali na mama yake ilipandwa na ndege huyu.

Kwa farasi na ng'ombe, matunda hayo ni sumu. Wakiyala kwa wingi, hasa yakiwa mabichi, huumia matumbo na figo, na wengine hufa. Nguruwe hawadhuriki, tena hunenepa. Kwa sababu hiyo iko desturi ya kale katika New Forest ambayo yafuatwa hata leo. Kila mwaka matunda yaanzapo kuanguka, wakulima wenye haki hiyo hufungulia nguruwe wao waingie msituni kwa muda usiopungua siku sitini. Nguruwe mamia huzunguka chini ya mialoni wakila, na kwa kula kwao huwaokoa farasi na ng'ombe. Mialoni ikizaa mno, siku huongezwa. Kila nguruwe hutiwa pete puani ili asichimbue malisho. Hivyo jambo moja hufaidia watatu: mwenye nguruwe, mwenye ng'ombe, na ardhi yenyewe.

UYOGA: RAFIKI WA MITI

Baada ya mvua za Septemba na Oktoba, uyoga huchomoza kila mahali. Katika New Forest peke yake zimeandikwa aina zaidi ya 2,500. Wengine ni weupe kama maziwa, wengine wa manjano, wengine wamepangana juu ya magogo kama rafu za duka.

Yafaa ijulikane kwamba kile kinachoonekana juu ya ardhi si uyoga mzima. Ni kama embe kwa mwembe. Mwili wenyewe uko chini, nao ni nyuzi nyembamba mno zilizotapakaa katika udongo au ndani ya mti uliooza. Aina nyingine kazi yao ni kuozesha majani na magogo, na kama si wao msitu ungejaa takataka zake wenyewe. Aina nyingine hufunga nyuzi zao katika mizizi ya miti hai na kufanya nayo biashara. Uyoga huuletea mti maji na chumvi za ardhini, na mti huulipa uyoga sukari iliyopikwa na majani. Ule uyoga mwekundu wenye vidoa vyeupe, uchorwao sana katika vitabu vya watoto, huonekana chini ya miti fulani tu kwa sababu ya biashara hiyo. Ni mzuri wa kutazama, lakini haufai kuliwa.

Katika Afrika Mashariki pia uko ushirikiano wa ajabu. Uyoga mkubwa unaochomoza katika vichuguu baada ya mvua hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya ardhi, nao ni kitoweo kinachopendwa sana. Wazee, hasa wakina mama, huwafundisha watoto kuutambua tangu wangali wadogo. Ujuzi huo ni wa kweli na wa thamani. Lakini ni ujuzi wa mahali pake, na hapo ndipo hatari ilipo.

KOFIA YA MAUTI

Chini ya mialoni ya Uingereza huota uyoga ambao Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya Kofia ya Mauti. Hautishi kuutazama. Kofia yake ni ya kijani kilichofifia au rangi ya zeituni, na pengine huwa nyeupe. Chini ya kofia mna vipande vyeupe vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu; katika shina kuna kitu kama pete; na chini kabisa, mara nyingi kimefichwa na majani makavu, kuna kifuko cheupe ambamo shina limesimama. Walioula kwa bahati mbaya wakapona husema kwamba ladha yake si mbaya.

Nusu ya kofia moja yaweza kumwua mtu mzima. Kupika hakuondoi sumu yake, wala kukausha. Tena sumu hiyo ni ya hila. Mtu akiila, kwa muda wa saa sita hata kumi na mbili, na pengine zaidi, hasikii kitu. Kisha hushikwa na msokoto wa tumbo, kutapika na kuhara sana. Baada ya siku moja au mbili hupata nafuu, na jamaa zake hushukuru wakidhani amepona. Lakini wakati huo sumu inaliharibu ini lake, na hali ikirudi kuwa mbaya, aghalabu huwa amechelewa.

Wanaoangamia si wajinga. Wengi ni watu wanaoujua uyoga vizuri katika nchi zao. Katika nchi za Asia uko uyoga mwema unaofanana na Kofia ya Mauti, na watu waliohamia Australia na Marekani wamekufa kwa kuudhania huu kuwa ule wa kwao. Mwaka 2015 huko Ujerumani, wakimbizi wengi walilazwa hospitalini kwa sababu hiyo hiyo, na hospitali ya chuo kikuu cha Hannover ikatoa mabango ya onyo kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwa mojawapo. Uyoga huo umekwisha kufika hata Afrika ya Kusini, pamoja na mizizi ya mialoni iliyoletwa kutoka Ulaya.

Ziko kanuni nyingi za kienyeji ambazo watu huzitegemea. Wengine husema uyoga ambao ngozi yake yamenyeka ni salama. Wengine husema ukiliwa na konokono hauna neno. Wengine hutia kijiko cha fedha katika sufuria waone kama kitageuka cheusi. Kanuni hizo zote ni za uongo. Ngozi ya Kofia ya Mauti yamenyeka, konokono huula bila kudhurika, na kijiko hakisemi lolote.

Ikitokea kwamba mtu amekula uyoga asioujua, asingojee kuumwa. Apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga huo yachukuliwe pamoja naye, mabichi au yaliyopikwa, ili waganga wayachunguze. Na kama alitapika kisha akapata nafuu, nafuu hiyo isimdanganye mtu.

NAMNA YA KUTEMBEA

Atakaye kujifunza na aende pamoja na wanaojua. Desturi ya kutembea kundi zima kutafuta uyoga ilianza Uingereza mwaka 1868, wakati chama cha Woolhope cha mji wa Hereford kilipofanya matembezi ya namna hiyo. Chama cha taifa cha wachunguzi wa uyoga kikaanzishwa mwaka 1896. Hata leo viko vyama vya wilaya ambavyo hukaribisha wageni, na wenye ujuzi hueleza kila kitu kinachopatikana. Katika New Forest, tangu mwaka 2016 wasimamizi wa ardhi ya Taji wamewaomba watu wasichume uyoga, bali wautazame na kuuacha. Kwa mtazamaji hakuna hasara. Uyoga uliobaki shinani wamfaa yeye, wamfaa na yule ajaye nyuma yake.

Avae viatu visivyopitisha maji, achukue daftari na penseli, na atembee polepole. Asimame mara kwa mara kwa dakika tano bila kusema, na ndege waliojificha watatokea wenyewe. Asiwalishe farasi wala asiwakaribie nguruwe wenye watoto. Na aangalie saa. Mwisho wa Oktoba, saa zikiisha kurudishwa nyuma, jua hutua kabla ya saa kumi na moja, na kiza cha msituni hakingoji mtu.

Watoto waulize maswali, na mzazi asione haya kujibu kwamba hajui. Kuuliza si ujinga. Aliyeuliza jina la uyoga kabla ya kuuchuma amerudi nyumbani salama, na kesho aweza kwenda tena.